Maji Yalivyofika Langas

Nakuru, 22 Januari 1984

Mama Jeruto, shemeji yangu,

Pokea salamu za kutoka huku Nakuru. Za kaka Kipyego umpe akirudi kutoka shambani Sugoi, na za Mama umpe kwa mikono miwili. Mimi ni mzima ila baridi ya ng'ambo imenikaa kifuani. Nimerudi juma lililopita, na wenzangu hapa kambini wananiita Profesa. Wacha wacheke.

Kaka ameniandikia kwamba ulimwuliza kozi yenyewe ilikuwa ya nini hata mtu apelekwe kwa ndege. Ilikuwa ya kufundisha polisi jinsi ya kutuliza umati bila kuua mtu. Tumeonyeshwa ngao za plastiki unazoweza kuona kupitia ndani yake, risasi za mpira, gesi za aina nyingi, na lori lenye mdomo wa kurusha maji. Walimu wetu walituambia neno moja kila asubuhi: tumia nguvu ndogo kabisa inayotosha.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani mwaka ule nikashindwa kula. Hamkuniuliza na sikusema. Kule nilikokuwa kazini kijana mmoja alipigwa risasi kwa sababu ya kelele za wanafunzi tu, na mkubwa wetu akaandika kwamba alianguka. Mimi sikufyatua, lakini nilikuwa pale. Ndiyo sababu niliomba kozi hii mpaka nikapewa.

Sasa tumeletewa lori moja kama lile, jipya kabisa, na msimamizi wake ni mimi. Mkisikia polisi wanakuja msiogope tena. Siku hizi tunakuja na ustaarabu.

Wako,
Bethwel


Langas, Eldoret, 14 Februari 1984

Shemeji Bethwel, au sasa niseme Profesa,

Sisi huku tuko, shukrani kwa Mungu. Jeruto ana mafua, Kipyego ana mgongo, na Mama ana furaha ambayo haijapungua tangu barua yako ije. Kanisani hakuna mtu ambaye hajaambiwa kwamba mwanawe alipanda ndege. Alitaka nikujibu kwa Kinandi, nikamwambia Kinandi changu mimi mtu wa Nyeri ni cha kuuzia sukuma wiki, hakifai kuandikia afisa. Kwa hiyo vumilia Kiswahili.

Barua yako nilimsomea yote. Yeye alimshukuru Mungu. Mimi nilicheka mpaka uji ukaungua. Kwa hiyo serikali imemtoa mtoto wa Mama yetu Rael hapa, ikamvusha bahari, ikamlaza hotelini, ili akafundishwe kwamba mtu akipigwa risasi hufa. Hilo hata kuku wangu wanalijua wakiona kisu.

Na hilo lori, nauliza kama mama wa nyumba tu: linajazwa wapi? Maana huku mvua imetukataa. Mfereji wetu, ambao ni mmoja kwa upande wote huu wa Langas, umefungwa kwa kufuli tangu Krismasi. Naibu wa chifu anasema ni ukame. Lakini bomba hilohilo likipanda juu linaingia kwa bwana mmoja mkubwa. Sitamtaja, kwa sababu siku hizi barua husomwa na wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Ng'ombe zake za gredi, zile za kizungu, huoshwa kila asubuhi mpaka zinang'aa. Sisi tunateka maji ya mto Sosiani, na Sosiani yenyewe imebaki rangi ya chai ya maziwa.

Jirani yangu Nyakio, yule mjane anayeuza mboga na ambaye unasema sauti yake inapasua masikio, ameanza kuwaambia wanawake twende tukaulize ufunguo uko kwa nani. Nimemwambia asubiri, nina shemeji mstaarabu serikalini.

Wahu


Nakuru, 9 Machi 1984

Mama Jeruto,

Natumaini mafua ya Jeruto yameisha na mgongo wa kaka umepata nafuu. Barua yako nimeipata pamoja na dharau zake zote.

Mambo ya ulinzi ni elimu, si ya kuongelewa jikoni. Nyinyi watu wa Langas mna tabia moja: mkikosa kitu kidogo mnafikiri nchi imesimama. Ukame uko kila mahali. Hata huku kambini tunaoga kwa ndoo.

Kuna utaratibu. Nendeni kwa naibu wa chifu, mmweleze shida yenu kwa heshima, naye atapeleka mbele. Huyo Nyakio mwambie mdomo wake utampeleka pabaya. Kukusanya watu bila kibali ni kosa, na wakubwa mwaka huu hawataki kusikia neno mkutano. Wewe ni mke wa mtu na mama wa watoto. Usikae karibu naye.

Mama asitoke nyumbani kwenda kwenye makelele hayo. Hilo naliomba sana.

Bethwel


Langas, Eldoret, 19 Aprili 1984

Bwana Inspekta,

Kipyego anakusalimu. Jeruto amekuwa wa pili darasani. Yule ng'ombe mweusi wa Sugoi alikufa kwa kukosa malisho. Mama yuko kitandani, nitafika hapo.

Redio ilisema kwamba wahuni wachache mjini Eldoret walitawanywa kwa amani na hakuna aliyeumia. Kwa vile wewe ni mtaalamu wa amani ya namna hiyo, acha mhuni mmoja akueleze.

Tulifuata utaratibu wako. Tulikwenda kwa naibu wa chifu tukaambiwa yuko mjini. Tukarudi, tukaambiwa yuko mazishini. Mwishowe tulimkuta, akatuuliza ni nani aliyetutuma. Nyakio akamwambia tumetumwa na kiu. Bwana yule alichukua kalamu akaandika jina la Nyakio. Kiu hakuiandika.

Ndipo tukaamua kwenda kuketi. Wanawake wa Langas, Wakikuyu, Wanandi, Waluhya, hata wale ambao hawajasalimiana tangu kesi za mashamba, tuliketi barabarani mbele ya lango la bwana mkubwa na madebe yetu mbele yetu. Mama alikuja. Nilimkataza akaniambia mtu wa umri wake anaweza kuomba maji bila kuona haya. Aligeuza debe lake akakalia, ametulia kama yuko kanisani. Ng'ambo ya ua tulisikia maji yakimwagiwa ng'ombe.

Jua lilipokuwa kichwani wakaja polisi na rungu na ngao zile za kuonyesha ndani. Nyuma yao likaja lori. Nililitambua kwa maelezo yako: refu, jipya, lina mdomo juu kama wa mzinga. Na lilikuwa linavuja. Maji safi yalikuwa yakidondoka kutoka tumboni mwake, yakichora mstari kwenye vumbi. Nyakio akasimama akalitazama, kisha akatugeukia akasema, "Wametuletea maji."

Tulipiga vigelegele, Bethwel. Watu wazima walikimbilia kushika nafasi. Tulipanga foleni na madebe yetu mbele ya lile lori, huku tunasukumana na kucheka, na mmoja wetu akasema kumbe serikali ina masikio. Kuna mtu alikuwa anasoma onyo kwenye kipaza sauti. Nani angelisikia? Tulikuwa tunamshangilia.

Maji yale hayamwagiki, yanapiga. Jemutai wa kwaya yalimpiga kifuani akaketi chini kama mtoto. Madebe yaliruka juu ya ua. Wengine tulikimbia nyuma tukianguka kwenye matope mapya, halafu wakatutupia gesi, nadhani ili watu waliokwisha kuoshwa wapate na sababu ya kulia.

Mama walimwokota kwenye mtaro. Mguu umevunjika chini ya goti. Hospitali wamemfunga plasta na kumrudisha kwangu kwa sababu vitanda vimejaa. Nyakio amekamatwa, ati aliwapiga polisi kwa mawe.

Mlipoondoka, wanawake walirudi na vikombe wakachota yaliyobaki kwenye mashimo ya barabara kabla ardhi haijayanywa. Hayo ndiyo maji tuliyopata mwaka huu.

Kila anayekuja kumwona Mama anaambiwa kwamba aliteleza. Mchungaji ameambiwa aliteleza. Kipyego pia. Mimi sijambishia. Lakini mimi nilikuona, Bethwel. Ulikuwa juu ya lori, helmeti kichwani, mkono umeuinua, kisha ukaushusha.

Wahu


Nakuru, 3 Juni 1984

Mama Jeruto,

Poleni kwa ng'ombe. Mpongeze Jeruto. Sikuweza kuandika mapema kwa sababu ya kazi, tumekuwa tukizungushwa huku na huku.

Mambo ya kazini siruhusiwi kuyaweka kwenye karatasi. Nitaandika haya tu, na ukimaliza kusoma uichome barua hii jikoni.

Asubuhi ile mkubwa wangu aliagiza bunduki zitolewe ghalani. Aliambiwa kuna uasi. Mimi ndiye niliyesimama mbele yake, mbele ya wenzangu wote, nikamwomba anipe nafasi nijaribu lori kwanza. Alinicheka. Alisema, "Haya, Profesa, waogeshe. Wasipoondoka nitawaondoa mimi." Hilo hamkuliona kutoka pale mlipoketi. Hesabuni makaburi Langas. Hakuna hata moja. Kwa nini hunipi sifa kwa hilo? Au ungependa nirudi kambini nikae kimya, waje na risasi?

Tulitoa onyo kama sheria inavyotaka. Maji ya kwanza tuliyarusha kwa nguvu ndogo. Wengine wote walirudi nyuma, kama tulivyofundishwa kwamba watarudi. Sielewi kwa nini Mama peke yake alikuja mbele. Juu ya lori moshi na maji hufunika kila kitu, mtu haoni sura. Angerudi na wenzake asingeteleza.

Nimempa dereva mmoja blanketi na dawa ya kuchua, atazileta. Mwambie Mama ninamwombea.

Bethwel


Langas, Eldoret, 17 Juni 1984

Shemeji,

Blanketi limefika. Mama anajifunika nalo hata mchana wa jua kali na anakushukuru. Dawa ya kuchua tumempa Kipyego, kwa sababu plasta haichuliwi. Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza, ila kwanza niliisoma mpaka nikaishika kichwani.

Naamini kwamba ulizuia bunduki. Ninaliandika hapa wazi usije ukasema sikuelewa. Ulisimama mbele ya mkubwa wako, na si wengi wangethubutu.

Lakini unaniuliza kama ningependa risasi. Mtu akikuuliza unataka kofi au teke, hujaona kwamba ameshaamua utapigwa? Ng'ambo mmefundishwa kupiga watu kwa ngazi, kutoka chini kwenda juu, na vyeti mkapewa. Katika miezi yote ile hakuna mwalimu aliyewaambia mbishe hodi kwenye lango na kuuliza ufunguo wa kufuli uko wapi? Hiyo ndiyo ingekuwa nguvu ndogo kabisa. Haina haja ya ndege. Ungeshuka tu.

Unaniambia pia kwamba huelewi kwa nini Mama alikuja mbele. Nilikuwa nimeamua nisikuambie, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Sasa umeandika kwamba angerudi na wenzake, kwa hiyo nitakuambia.

Maji ya kwanza yalipopita, nilimshika mkono tukimbie. Akajitoa. Alikuwa anatazama juu ya lori. Aliniambia, "Ni Bethwel yule," akanipa debe nimshikie. Alijifunga kitambaa vizuri kichwani. Mama hakuwa anakushambulia, Inspekta. Alikuwa anakuja kukusalimu.

Kesi ya Nyakio itasikizwa mwezi wa nane hapa mjini. Anashtakiwa kukusanya watu bila kibali na kurusha mawe. Kwa shtaka la mawe watamfunga, na watoto wake watabaki kwangu. Wanasema atakayetoa ushahidi ni afisa aliyekuwa juu ya lori. Wewe unajua kama uliona jiwe.

Wahu


Nakuru, 25 Julai 1984

Mama Jeruto,

Salamu kwa wote.

Nimeitwa kutoa ushahidi. Usiniandikie tena juu ya kesi. Hii ya mwisho ilinifikia ikiwa imefunguliwa.

Nakuomba jambo moja. Mama asije mahakamani. Njia ni ndefu na mguu haujapona.

Bethwel


Langas, Eldoret, 20 Agosti 1984

Bethwel,

Tuko wazima, wengi wetu. Jeruto anakusalimu. Mvua imenyesha kidogo Sugoi na Kipyego amepanda maharagwe kwa kubahatisha. Umesema nisiandike juu ya kesi, lakini kesi imekwisha. Atakayeifungua barua hii kabla yako namtakia usomaji mwema.

Ombi lako nililifikisha. Mama alisema hajawahi kumsikia mwanawe akiongea mbele ya hakimu, na akaomba gauni lake la Pasaka. Kipyego aliazima mkokoteni, tukatandika magunia na lile blanketi, tukamleta. Plasta ilikuwa imetolewa juma lile lakini mfupa umeunga vibaya, mguu umepinda kuingia ndani. Tulikaa benchi la nyuma. Wewe ulikuwa umetuelekezea mgongo na hukugeuka, kwa hiyo nitakuambia ulivyoonekana.

Kiongozi wa mashtaka alikuuliza mshtakiwa alirusha mawe mangapi. Niliona jasho likishuka shingoni mwako na kuingia kwenye kola. Nyakio, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alikuwa ameshika vyuma vya kizimba bila kupumua. Kisha ukasema, "Sikuona jiwe lolote, mheshimiwa." Yule bwana alirudia swali kwa sauti kubwa, kana kwamba una shida ya masikio, na wewe ukarudia jibu lilelile. Wanawake waliguna. Mama alinifinya paja. Kwa muda ule mfupi, shemeji, nilikuonea fahari, na ninataka ujue hivyo.

Halafu hakimu mwenyewe akainua kichwa akauliza swali ambalo nadhani hukutayarishiwa. Akataka kujua kama kuna raia aliyeumia siku ile. Na hapo hukusita hata kidogo. Ulisema, "Hakuna, mheshimiwa. Lori lile halimwumizi mtu. Ndiyo kazi yake."

Nimelifikiria jibu hilo sana. La kwanza ulisema ili kumwokoa Nyakio. La pili ulisema ili kuliokoa lori. Ukisema limemvunja mama mzee mguu, basi ni rungu tu kama marungu mengine, refu zaidi, na wewe si Profesa. Wenzako wangesema afadhali bunduki, angalau haidanganyi. Nafikiri uliogopa hivyo. Nafikiri ulikuwa na sababu nzuri, kama kawaida yako.

Nyakio aliachiliwa kwa onyo. Amerudi kwenye mboga zake na sauti yake haijapungua hata kidogo. Mfereji bado umefungwa. Tofauti ni kwamba siku hizi kuna askari anayelinda kufuli. Na tumesikia kutoka kwa yule dereva wa blanketi kwamba umehamishiwa Lodwar kule jangwani, na lori amepewa mtu mwingine ambaye hajaenda kozi. Anasema wakubwa wamekasirika kwa sababu ya jiwe ambalo hukuliona. Pole. Ninasema pole ya kweli.

Sasa kuna jambo la mwisho, nalo hukulishuhudia kwa sababu ulitoka kwa mlango wa nyuma.

Kipyego alileta mkokoteni mpaka kwenye ngazi za mahakama na kumtandikia Mama vizuri. Mama akaukataa. Watu walikuwa wengi pale nje, wa Langas na wa mjini, na wengine walikuwa wameanza kunong'ona juu yako. Aliwatazama, kisha akaninyooshea mkono. Aliniambia, "Bethwel ameapa kwa Biblia kwamba hakuna aliyeumia. Mimi sijaumia. Nishike twende."

Alitembea. Kila akiukanyaga mguu ule alikuwa anafumba macho. Kipyego alitufuata nyuma na mkokoteni mtupu huku machozi yanamtoka, mtu mzima yule, na wenye maduka walitoka nje kutazama. Nilimsihi apumzike pale darajani. Nilimsihi tena tulipoanza kupanda kuelekea Langas, hata nikamkasirikia nikamwambia ni ukaidi. Alisema akikaa chini watu watasema amezaa mwongo.

Alifika hadi mlangoni kwangu kwa miguu yake. Tangu jioni ile hajasimama tena.

Wahu